Mkate Ulipoingia Darasani: Historia ya Shule za Waokaji wa Paris

Juni 1780, katika mtaa wa Grande-Truanderie jijini Paris, hatua chache kutoka soko kuu la Les Halles, ilifunguliwa shule ya kufundisha kuoka mkate, bila ada. Walioianzisha hawakuwa waokaji. Walikuwa wafamasia wawili, Antoine-Alexis Cadet de Vaux na Antoine-Augustin Parmentier, watu waliozoea mizani na chupa za dawa.

Shule hiyo haikudumu miaka mingi, lakini swali lililoizaa lingali hai. Je, ujuzi ulio mikononi mwa fundi unaweza kuelezwa kwa maneno, ukapimwa kwa mizani, ukafundishwa kwa mtu asiyezaliwa katika nyumba ya fundi? Kila kijana anayevuka bahari leo kwenda Ufaransa kusomea mikate na keki anafaidi jibu la swali hilo. Jibu lenyewe lilichukua zaidi ya miaka 200 kukamilika.

Njaa ndiyo iliyojenga shule

Mfaransa wa kawaida wa karne ya 18 aliishi kwa mkate. Familia ya kibarua ilitumia karibu nusu ya kipato chake kuununua, na nyakati za shida zaidi ya nusu. Mavuno ya mwaka 1774 yalipokuwa mabaya, na waziri wa fedha Turgot akawa ameondoa vidhibiti vya biashara ya nafaka, bei ilipaa. Aprili na Mei 1775 watu walivamia masoko, maghala na maduka ya mikate, katika ghasia ambazo Wafaransa wanaziita Vita vya Unga.

Parmentier aliijua njaa tangu ujana wake. Akiwa mfamasia wa jeshi katika Vita vya Miaka Saba, alitekwa na Waprusia akalishwa viazi, chakula ambacho Wafaransa wengi wa wakati huo walikiona ni cha mifugo. Aliporudi kwao alijitolea kuchunguza vyakula vya watu maskini. Mwaka 1778 alichapisha kitabu kinene kuhusu kazi ya mwokaji, kuanzia kuchagua ngano hadi mkate unapotoka tanurini. Hoja yake ilikuwa wazi: ngano ile ile, ikisagwa vizuri na unga wake ukakandwa kwa ujuzi, hutoa mikate mingi zaidi na iliyo bora zaidi. Miaka miwili baadaye ikaja shule.

Kuwaambia waokaji kwamba kazi yao inaweza kusomewa darasani kulikuwa kugusa pabaya. Ufundi wa mkate Paris ulilindwa na chama cha mafundi. Mwanagenzi aliingia kwa bwana wake akiwa mdogo, akalala karibu na tanuri, akafanya kazi usiku kucha katika vyumba vya chini ya ardhi vilivyojaa joto na vumbi la unga. Alijifunza kwa kutazama. Kwa nini unga wa leo umeumuka haraka kuliko wa jana, hakuna aliyemweleza, na mara nyingi bwana mwenyewe hakujua. Mwaka 1791 Mapinduzi ya Ufaransa yalivifuta vyama hivyo, lakini desturi ya kufunzana kimyakimya ilibaki.

Mtoto aliyekimbilia maktaba

Katika misukosuko hiyo hiyo alikua mtu aliyegeuza utengenezaji wa keki kuwa elimu ya vitabu. Marie-Antoine Carême alizaliwa katika familia maskini mno, akaachwa ajitafutie maisha akiwa bado mtoto. Bahati yake ilikuwa kupata nafasi kwa Sylvain Bailly, mtengeneza keki maarufu wa mtaa wa Vivienne, aliyemruhusu kutoka kazini kwenda kusoma katika maktaba kuu ya taifa iliyokuwa jirani. Huko Carême alinakili michoro ya mahekalu, minara na magofu ya kale, kisha akarudi jikoni kuijenga kwa sukari na unga.

Mwaka 1815 alichapisha vitabu viwili juu ya keki, vyenye maelezo na michoro aliyoichora mwenyewe. Hapo ndipo mtu aliyekuwa mbali na Paris alipoanza kupata njia ya kuusoma ufundi wa Paris.

Paris nayo ilikuwa na walimu wake. Mwishoni mwa miaka ya 1830, August Zang, Mwaustria aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la mizinga, alifungua bekari katika namba 92 ya mtaa wa Richelieu. Alileta mikate ya Vienna iliyong'aa kwa mvuke wa tanuri, na kile kitafunwa chenye umbo la mwezi mwandamo ambacho ni babu wa kruasani ya leo. Kruasani ya matabaka ya siagi tunayoijua ilikuja baadaye sana, mwanzoni mwa karne ya 20. Zang alirudi Vienna na mwaka 1848 akaanzisha gazeti la Die Presse. Waokaji wa Paris walibaki na mbinu zake, wakazifanya zao. Kabla ya kuwa mwalimu wa dunia, mji huo ulikuwa mwanafunzi wa mgeni.

Kipande kingine cha elimu kilitoka maabara. Kuanzia mwaka 1857, Louis Pasteur alionyesha kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Mwokaji sasa aliweza kujua kinachotokea ndani ya donge lake: hamira inakula sukari, inatoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayouinua unga.

Gazeti linazaa shule

Mwaka 1895 mwanahabari Marthe Distel alianzisha gazeti la mapishi mjini Paris, La Cuisinière Cordon Bleu. Ili kuwavutia wasomaji aliwaahidi masomo na mabingwa wa jikoni, na tarehe 14 Januari 1896 somo la kwanza lilifanyika eneo la Palais-Royal, likitumia jiko la umeme, jambo la ajabu kwa wakati ule. Gazeti limekufa zamani. Shule ya Le Cordon Bleu ingalipo, na leo ina matawi katika nchi nyingi.

Dola nayo ikaingia. Julai 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza vilivyoua mafundi na wanagenzi wengi, sheria iliyopewa jina la seneta Placide Astier iliweka misingi ya mafunzo ya ufundi nchini Ufaransa na cheti cha taifa kinachojulikana kwa herufi CAP. Mwaka huo huo sheria nyingine ilipiga marufuku kazi ya bekari kati ya saa 4 usiku na saa 10 alfajiri, na mwanagenzi akapata angalau nafasi ya kulala. Mwaka 1920 ikafunguliwa shule ambayo leo inaitwa Ferrandi. Mtoto wa mfanyakazi aliweza sasa kusomea mkate, akafanya mtihani unaotambuliwa nchi nzima, bila kutegemea huruma ya bwana mmoja.

Wageni wanaingia jikoni

Oktoba 1949 Mmarekani mrefu mwenye umri wa miaka 37, Julia Child, alijiandikisha Le Cordon Bleu. Wenzake darasani walikuwa wanajeshi wa zamani wa Marekani waliolipiwa karo na serikali yao, na mwalimu wake alikuwa mpishi mkongwe Max Bugnard. Alipofanya mtihani mara ya kwanza alifeli. Alirudia, akafaulu, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakatoa kitabu kilichofundisha Marekani nzima kupika Kifaransa.

Hakikuwa na mkate wa Kifaransa. Julia na mumewe Paul walipoamua kuuingiza katika juzuu la pili la mwaka 1970, walimaliza karibu kilo 130 za unga nyumbani kwao kwa majaribio. Mambo yalinyooka walipokwenda Paris kumwona profesa wa uokaji Raymond Calvel. Waligundua kwamba walikuwa wakiuharakisha unga, na kwamba tanuri lao la nyumbani lilihitaji kigae cha kuokea mkate na jiwe la moto la kutumbukiza majini ili litoe mvuke.

Kwangu mimi, Calvel ndiye mtu muhimu kuliko wote katika historia hii. Alizaliwa mwaka 1913 kusini mwa Ufaransa, akaoka mikate tangu ujana, kisha akafundisha kwa zaidi ya miaka 40 katika shule ya taifa ya usagishaji na nafaka mjini Paris. Alishuhudia mkate wa nchi yake ukiharibika. Baada ya Vita Kuu ya Pili, waokaji walianza kukanda kwa mashine za kasi kwa muda mrefu, na mkate ukawa mweupe na mkubwa usio na ladha. Calvel alieleza sababu: hewa nyingi inayoingizwa wakati wa kukanda huharibu rangi ya asili ya unga, na ladha hupotea pamoja nayo.

Dawa aliyoitangaza miaka ya 1970 ilikuwa rahisi. Changanya unga na maji tu, acha vipumzike kwa dakika 20 au 30, kisha ndipo utie chumvi na hamira na kukanda. Wakati wa mapumziko unga hunywa maji na kujijengea nyuzi zake wenyewe, kwa hiyo mwokaji anakanda kidogo, na rangi na ladha vinabaki.

Calvel hakuyafungia maarifa hayo Ufaransa. Mwaka 1954 alikwenda Japani kufundisha, akarudi huko mara nyingi. Mwanafunzi wake Philippe Bigot alihamia Japani mwaka 1965, na mwaka 1972 akafungua bekari yake Ashiya, karibu na Kobe. Matokeo tumeyaona. Mashindano ya dunia ya uokaji yalipoanzishwa mwaka 1992, Ufaransa ilishinda mara tatu mfululizo. Kisha Marekani ikashinda mwaka 1999 na 2005, Japani mwaka 2002 na 2012, Korea Kusini mwaka 2016 na China mwaka 2020. Wanafunzi waliwapita walimu, na walimu wenyewe ndio waliokuwa wamewafungulia mlango.

Hesabu inayosafiri

Mgeni anayeingia shule hizi leo, iwe Le Cordon Bleu ambako masomo hutafsiriwa kwa Kiingereza, École Lenôtre iliyofunguliwa mwaka 1971, au taasisi ya taifa ya uokaji iliyoanzishwa Rouen mwaka 1974, huanza na hesabu. Unga huhesabiwa kuwa 100, na kila kingine hupimwa kwa asilimia yake: maji 65, chumvi 2, hamira 2 au chini. Siagi ya kruasani hukunjwa ndani ya donge kwa mikunjo mitatu ya tatu-tatu, na matabaka 27 yanapatikana. Mikunjo sita huzaa matabaka 729.

Hesabu iliyo na faida kubwa kwetu ni ya joto. Mwokaji huchagua jumla ya joto, tuseme 60, kisha hutoa joto la unga na joto la chumba ili apate joto la maji. Paris wakati wa baridi, unga ukiwa nyuzi 18 na chumba nyuzi 20, maji yatakuwa nyuzi 22. Sasa peleka hesabu hiyo Dar es Salaam au Mombasa, unga nyuzi 29 na chumba nyuzi 30: maji yanatakiwa yawe nyuzi 1, yaani maji ya barafu. Aliyekariri tu kutumia maji ya nyuzi 22, kama alivyoona kwa bwana wake wa Paris, ataharibu unga wake wote pwani. Aliyefundishwa sababu ataoka popote.

Ndiyo maana Ufaransa yenyewe inavuna kwa wageni. Tangu mwaka 1994 Paris huchagua kila mwaka bageti bora ya mji, na mshindi hupeleka mkate Ikulu ya Élysée kwa mwaka mzima. Djibril Bodian, mzaliwa wa Senegal na mtoto wa mwokaji, alishinda mwaka 2010 na 2015. Mwaka 2023 alishinda Tharshan Selvarajah, mzaliwa wa Sri Lanka.

Deni la anayerudi

Kwetu njia hiyo imeanza kuchongwa. Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975 kwa ushirikiano na Uswisi, hufundisha mikate na keki. Lakini tuwe wakweli juu ya tunachofundisha. Mitaala yetu inajua bageti na kruasani kuliko inavyoujua mkate wa mofa, mkate wa ajemi au mkate wa kumimina. Ujuzi wa mikate hiyo ungali mikononi mwa mama zetu na bibi zetu: uzito wa tui, muda wa kuumua kwenye joto la kaskazi, ukali wa moto wa mofa. Haujapimwa, haujaandikwa, na kila bibi anapofariki sehemu yake inapotea.

Kijana anayekwenda Paris au Rouen asirudi na cheti na orodha ya keki pekee. Arudi na mizani, kipimajoto na desturi ya kuuliza kwa nini, kisha akae jikoni na bibi yake na kuandika. Vyuo vyetu navyo vimpe nafasi ya kufundisha alichokiandika. Ufaransa ilifanya hivyo kwa mkate wake wa kila siku, na dunia nzima ikaenda kuujifunza. Natamani siku ambapo mwokaji wa Kijapani atataka kuujua mkate wa mofa kwa undani, akaambiwa shule ya kuusomea iko Lamu au Zanzibar, na muhula unaanza mwezi ujao.