Sanduku la Pandora: Nani Alilisema Kwanza?

Leo tutachunguza hadithi moja ya Wagiriki wa kale, tuone jinsi habari inavyobadilika njiani.

Watu wengi huisimulia hivi. Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, alimpa mwanamke aitwaye Pandora sanduku, akamkataza asilifungue. Pandora hakuweza kujizuia, akalifungua. Mara maradhi na taabu zote zikatoka, zikaenea duniani.

Je, nani aliyesema hivyo kwanza? Hilo ndilo swali la mtu wa historia. Tukizifuata nyayo za habari hii, twafika kwa Hesiod, mshairi aliyeishi yapata mwaka 700 kabla ya Kristo. Katika maandishi yaliyotufikia, yake ndiyo ya kwanza kueleza mkasa huu. Naye hakutaja sanduku. Alitaja mtungi mkubwa wa udongo, wa namna ile waliyowekea nafaka, mafuta au divai. Wala hakusema kwamba Pandora alikatazwa kuufungua. Aliyeonywa ni mwanamume, Epimetheus, mumewe Pandora. Ndugu yake Prometheus alimwambia asipokee zawadi yo yote ya Zeus. Akasahau, akampokea Pandora.

Hesiod naye alimlaumu mwanamke, maana ndiye aliyeinua kifuniko. Lakini leo Epimetheus hatajwi sana, na onyo lake amebebeshwa mkewe.

Basi, sanduku lilitoka wapi? Mwaka 1956 Dora na Erwin Panofsky walitoa kitabu kinachoeleza safari yake. Mwanachuoni wa Kiholanzi, Erasmus, aliiandika hadithi hii kwa Kilatini katika kitabu chake cha methali kilichopigwa chapa Venice mwaka 1508. Mahali pa mtungi aliweka kisanduku. Kitabu kilisomwa na wengi Ulaya, na wengine wakafuata neno lake bila kurudi kwa Hesiod.

Mnaona, wanafunzi? Vitabu mia vikisema neno moja, huenda vyote vimenakili kimoja. Hao si mashahidi mia. Ni shahidi mmoja tu.

Kazi ya juma hili: chagueni habari moja inayomlaumu mtu wa zamani. Ulizeni: nani aliyeisema kwanza, naye aliipata wapi? Andikeni majibu katika madaftari yenu, mje nayo darasani. Kwaherini.