Nambari Zenye Mpango

Je, msomaji, umepata kujiuliza kama iko faida ya kuanza kuhesabu upande huu badala ya upande ule? Watu mia wakihesabiwa toka kulia au toka kushoto, jumla yao ni mia tu. Lakini iko hesabu moja ambayo mpango wa nambari zake uliwapunguzia wahandisi taabu kubwa.

Mwaka 1956 Turner, Clough, Martin na Topp walitangaza njia ya kupima ugumu wa mabawa ya eropleni. Waliligawanya bawa katika vipande vidogo mfano wa macho ya wavu, wakatafuta hesabu ya kila jicho, kisha wakaziunganisha zote ziwe hesabu moja. Kila fundo la wavu lilihitaji nambari yake.

Sasa fikiri wavu wenye mafundo 100 kwa urefu na 5 kwa upana. Ukitia nambari kwa kufuata upana, tofauti kati ya nambari za mafundo ya jicho moja haizidi 6. Ukifuata urefu, tofauti hiyo hufika 101. Jawabu ni lile lile. Lakini kwa njia ya siku zile kompyuta ililazimika kutunza nafasi zote zilizo kati ya nambari hizo, hata zile zilizojaa sifuri. Kompyuta za siku zile zilikuwa na nafasi chache mno, na nambari zilizotiwa ovyo ziliweza kuzimaliza kabla jawabu halijapatikana.

Mwaka 1969 Elizabeth Cuthill na James McKee, wa Marekani, walitoa kanuni. Anza na fundo lenye majirani wachache. Wape nambari majirani zake, ukitanguliza wenye majirani wachache. Kisha majirani wa hao, mpaka mwisho. Akili ni nywele, kila mtu ana zake: mwaka 1971 Alan George alionyesha kwamba nambari hizo hizo zikigeuzwa, ya mwisho ikawa ya kwanza, mara nyingi kazi hupungua zaidi.

Siku hizi programu nyingi huzipanga nambari hizo zenyewe, na mhandisi hata hazioni. Lakini wewe, msomaji, usiidharau kazi ya kupanga. Haikubadili jawabu hata kidogo. Iliwezesha jawabu lipatikane.