Injini Inayomisi Kwenye Mlima wa Mai Mahiu

Barabara inayoteremka kutoka Limuru hadi Mai Mahiu ilijengwa na wafungwa wa kivita Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa dogo walilolijenga mwaka 1942 lingali limesimama kando yake. Tangu hapo, gari lolote linalotoka Narok kwenda Nairobi kwa njia hiyo hulazimika kuukwea mlima, na kukwea ndiko kunakoumbua injini inayomisi, yaani yenye silinda isiyowaka ipasavyo. Injini ikilemewa, mgandamizo ndani ya silinda hupanda, cheche ikahitaji umeme mkali zaidi kuruka kwenye plagi, na petroli ikahitajika kwa wingi. Gari lililonguruma vizuri likiwa limesimama huanza kukohoa kwenye kona. Wengi husimulia historia ya kutafuta hitilafu hii kana kwamba mafundi walibahatisha tu mpaka kompyuta ilipokuja. Sikubaliani nao.

Enzi za Peugeot 404, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1963 na tena mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, silinda zote nne zilipata cheche kutoka kwa koili moja kupitia distributa. Fundi aliiacha injini ikinguruma, akachomoa nyaya za plagi mmoja baada ya mwingine. Waya ukichomolewa na mlio usibadilike, silinda yake ndiyo iliyokufa. Lakini kosa likihamahama, au silinda zote zikionekana dhaifu, hilo nalo lilikuwa ushahidi, kwa kuwa ni nadra silinda kadhaa kuugua pamoja bila chanzo kimoja. Hapo aliacha silinda mojamoja, akakagua vile zinavyotumia kwa pamoja: koili, kontakti, kifuniko cha distributa kilichopata ufa au unyevu, taimingi, kabureta, na petroli yenyewe. Mafuta hayakushukiwa bure. Uchanganyaji wa mafuta ya taa kwenye mafuta ya magari ulisumbua Kenya hadi serikali ikayatoza shilingi 18 kwa lita mwaka 2018.

Kuna hoja kwamba ujuzi huo umepitwa na wakati. Magari mengi yaliyotumika Japani na kuletwa Kenya yana koili juu ya kila silinda, na kuchomoa koili injini ikiwaka hupeleka petroli isiyoungua kwenye ekzosi na kuunguza kisafisha moshi. Ni kweli, mbinu ile iachwe. Fikra yake haijapitwa. Mfumo wa OBD-II, ambao kompyuta ya gari hujichunguza hitilafu kwao na uliokuwa lazima Marekani kuanzia magari ya 1996, hutoa msimbo P0301 silinda ya kwanza ikimisi, na P0300 kosa likiwa kwenye silinda kadhaa au likihamahama. Msimbo huu wa pili hautaji kifaa chochote kilichoharibika. Anayeusoma na kubadilisha plagi na koili zote papo hapo anajua kidogo kuliko fundi wa distributa, ambaye leo angepima pampu ya mafuta, angetafuta mpira uliopasuka unaoingiza hewa, angekagua mnyororo wa taimingi na waya wa arthi. Wengine watajibu kwamba plagi zilizofungwa siku moja huchakaa pamoja. Naam, na ndiyo sababu zifunguliwe na kutazamwa kabla ya kutupwa: zote zikiwa nyeupe, huenda petroli haitoshi; zote zikijaa masizi makavu, inazidi. Ewe dereva, ukiambiwa ununue plagi nne kwa sababu ya P0300, omba kwanza presha ya petroli ipimwe.