Mtego wa Kuhesabia Rafiki

Mwambie mkulima wa Buger kwamba miti yake ya matunda ina vimelea, kisha uangalie atakachofanya. Ataulizia dawa. "Bwana shamba, nipige ipi?" Hana kosa. Neno kimelea amelipokea zahanati, ambako vimelea vya malaria hutafutwa kwenye tone la damu, akalipokea tena kwa mtaalamu wa mifugo, kwa maana ya minyoo na kupe. Kote huko kimelea ni cha kuondolewa. Sasa aje mtu na karatasi inayomshauri atumie mitego ya feromoni kufuatilia vimelea vya wadudu bustanini: ataelewa kwamba maadui wameongezeka, na kwamba mtego ni wa kuwamaliza. Sentensi haina kosa la sarufi hata moja, na ikifuatwa hivyo inaweza kumgharimu mavuno.

Maneno matatu yanahusika: mtego, feromoni na kimelea. Kila moja lina shida yake, na shida ya kimelea ndiyo kubwa.

Nianze na mtego. Buger ni kata ya Wilaya ya Karatu, mkoani Arusha, nchi ya Wairaqw, na mashamba yake ni ya mahindi, maharage na mbaazi. Miti ya matunda aghalabu husimama jirani na nyumba, michache michache. Lakini anayelima mahindi Tanzania ana pa kuanzia, kwa kuwa mitego ya feromoni imetumika nchini kwa miongo kadhaa katika kutabiri viwavijeshi, na kiwavijeshi vamizi alipoingia mwaka 2017 mitego hiyo ikapata kazi mpya. Aina moja ni ndoo nyeupe yenye faneli ya njano na kifuniko cha kijani. Chini ya kifuniko huning'inizwa kipande cha mpira kilichonyweshwa harufu ya nondo jike. Madume huifuata, hushuka kwenye faneli, wasijue njia ya kutokea. Asubuhi mtu hufungua ndoo na kuhesabu.

Anachohesabu ni madume peke yao. Majike yako nje yanataga, na viwavi wanaendelea kula majani. Kwa hiyo ndoo ile ni kipimo: inasema nondo wamefika, wengi au wachache, ili mkulima aingie shambani akague mahindi kabla mambo hayajaharibika. Kwa Kiswahili, mtego ni kitu cha kukamata ili uue au ule, awe panya au kanga. Ndiyo sababu napendelea tuuite mtego wa kuhesabia kila unapowekwa kwa kazi hiyo. "Mtego wa ufuatiliaji" unafaa ripotini, ila haumwambii mwenye shamba afanye nini akishaufungua.

Feromoni tuiache ilivyo. Neno lilitungwa mwaka 1959 na Peter Karlson na Martin Lüscher kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kubeba na kusisimua. Mwaka huohuo Adolf Butenandt na wenzake walitangaza feromoni ya kwanza kutambuliwa kikemia, ile ya nondo wa hariri, baada ya kukusanya tezi za nondo wapatao nusu milioni ili kupata kiasi kidogo sana cha kupima. Homoni hufanya kazi ndani ya mwili mmoja. Feromoni hutoka kwa mmoja ikamfikia mwingine wa spishi yake. Aliyezoea kusema homoni hatashindwa na feromoni. Wanaosema "harufu ya mapenzi" wanafurahisha hadhira, lakini wanasahau kwamba siafu na nyuki wana feromoni za kuonyesha njia na za kutoa tahadhari, ambazo hazina uhusiano wowote na kujamiiana.

Sasa kimelea. Mdudu tunayemzungumzia ni nyigu, tena si yule anayejenga kiota darini na kukuchoma shingoni. Wengi wa kundi hili wana urefu wa milimita moja hadi tatu na hawamdhuru binadamu. Jike hutafuta kidung'ata, yai la inzi au kiwavi, akapenyeza yai lake ndani au akaliweka juu. Buu likianguliwa hula mwenyeji wake taratibu, na likimaliza mwenyeji amekufa. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kupe anamhitaji ng'ombe aendelee kuwa hai. Nyigu huyu hamalizi kukua bila mwenyeji kufa. Mwaka 1913 mtaalamu wa wadudu wa Finland, Odo Reuter, aliona haifai kuwaweka wote kapu moja, akatunga jina jipya kwa kuongeza kiambishi kwenye neno la kale la kimelea. Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo. Tumebaki tukiwaita wote vimelea, au vidusia kwa wanaopenda neno hilo, na yule rafiki ameingizwa kwenye orodha ya maadui.

Pendekezo langu ni mawili, kwa kuwa wasomaji ni wa aina mbili. Kwenye kitabu cha shule na cha chuo tuseme kimelea kiuaji, wingi vimelea viuaji: kinaishi kwa mwenzake, na lazima kimuue. Kwa mkulima neno kimelea lisitumike kabisa. Aambiwe nyigu rafiki. Maafisa ugani tayari husema wadudu rafiki wakimaanisha bibiarusi na buibui, kwa hiyo neno liko njiani; kilichobaki ni kumtaja nyigu kwa jina na kueleza kwamba huyu hachomi.

Mpaka hapa bado swali moja linasumbua: feromoni ya nani? Karatasi zetu hazisemi, na majibu ni mawili yanayopelekea mitego miwili tofauti.

La kwanza ni feromoni ya nyigu mwenyewe. Kwenye bustani za tufaha yupo nyigu aitwaye Ascogaster quadridentata, anayetaga ndani ya mayai ya nondo wa tufaha. Mwaka 1999 watafiti nchini Kanada walitambua kemikali ambayo jike wake huitoa kuita dume, na baada ya hapo wenzao wa New Zealand wakajaribu kuitumia kwenye mitego kuwafuatilia nyigu hao. Mtego huo hunasa madume. Inaonekana si hasara, maana dume hatagi. Lakini kwa nyigu, yai lisilorutubishwa huwa dume na lililorutubishwa huwa jike. Jike aliyekosa mwenzi ataendelea kutaga, ila kizazi chake chote kitakuwa cha madume. Ukiweka mitego mingi kupita kiasi, unapunguza wale hasa unaowategemea msimu unaofuata. Mitego michache ya kuhesabia inatosha.

La pili ni feromoni ya mdudu mharibifu. Gamba la San Jose, mdudu anayenyonya miti ya plamu, pichi na lozi huko California, hutoa feromoni kuita madume yake yenye mabawa. Jike mwenyewe hana mabawa, amekaa chini ya gamba lake hasogei. Wakulima wakatundika kadi zenye gundi na feromoni hiyo ili wajue madume yanaruka lini. Kadi zikanasa madume, zikanasa na nyigu vilevile, hasa Encarsia perniciosi, adui wa gamba hilo. Mwito wa siri kati ya jike na dume ulikuwa unasikilizwa na mtu wa tatu. Leo anayesoma kadi zile hujaza safu mbili, ya magamba na ya nyigu.

Harufu inayomfaidi anayeinusa na kumponza anayeitoa ina jina lake, kairomoni, lililotungwa mwaka 1970, mwaka uleule Thomas Odhiambo alipoanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi. Kwa Kiswahili naiita harufu fichuzi. Pilau ikiivishwa, moshi wake humwita aliyealikwa na humwita mdoezi. Harufu ni moja, kinachobadilika ni nani amefika. Kwa hiyo kemikali ileile kwenye kadi ileile ni feromoni kwa gamba dume na ni harufu fichuzi kwa nyigu jike. Hilo ndilo karatasi ya mkulima ingepaswa kulisema: mtego wenye harufu ya mdudu mharibifu unaweza kukuonyesha pia kama nyigu rafiki yupo.

Je, haya yanatuhusu? Sana, maana ndugu wa karibu wa magamba ni vidung'ata, wale weupe kama waliopakwa unga, na Afrika Mashariki ina historia nao. Mwaka 1923 vidung'ata vya kahawa vililipuka upande wa Thika, Kenya. Kwa miaka wataalamu walimdhania mdudu huyo kuwa wa jamii nyingine, wakatafuta nyigu wa kumkabili hadi Asia, bila mafanikio. Alipotambuliwa upya kuwa spishi yake peke yake, Planococcus kenyae, ikaonekana kwamba kwao ni Uganda, jirani tu. Mwaka 1938 nyigu wa jenasi Anagyrus wakaletwa kutoka Uganda, na tatizo likatulia. Kosa la jina la mdudu lilikuwa limewapeleka watu bara jingine.

Nyigu wa jenasi hiyohiyo wanafanya kazi kwenye maembe. Kidung'ata cha maembe, Rastrococcus iceryoides, kinapatikana Kenya na Tanzania, na watafiti walipokusanya adui zake kwenye mashamba ya nchi hizi mbili, Anagyrus ndiye aliyeonekana zaidi. Na huko Ulaya na Marekani imeshathibitika kwamba nyigu wa kundi hilo huvutwa na feromoni ya kidung'ata cha mizabibu.

Kadi yenye harufu ya kidung'ata ikishakaa mtini, kuisoma kunahitaji lenzi ya mkononi na mwanga mzuri. Dume la kidung'ata lina jozi moja ya mabawa na nyuzi mbili nyeupe za nta mkiani. Nyigu ana jozi mbili, kiuno kilichobanwa, na vipapasio vilivyokunjika katikati kama kiwiko. Kisha mtu ageukie majani. Kidung'ata kilicholiwa na nyigu hukauka, hutuna na kugeuka rangi, na nyigu akishatoka huacha tundu la mviringo mgongoni. Hesabu ya matundu hayo ni ya lazima, kwa kuwa kadi hutegemea upepo, joto na umri wa harufu. Kadi inasema nyigu yupo. Jani linasema amefanya kazi kiasi gani. Nyigu wakiongezeka kwenye kadi na matundu yakiongezeka kwenye jani, bomba la dawa libaki stoo, maana dawa nyingi za wadudu humwua nyigu haraka kuliko kidung'ata kilichojifunika nta. Sisimizi nao waangaliwe. Wanaramba umande mtamu wa vidung'ata na kuwafukuza nyigu, na ndiyo sababu wakulima wa kahawa walifunga mashina kwa ukanda wa kunata. Vumbi pia, hili letu jekundu la Karatu linalopanda na kila gari wakati wa kiangazi: majani yaliyofunikwa vumbi humchosha na kumzuia nyigu, huku vidung'ata vikistawi. Miti iliyo ukingoni mwa barabara ikaguliwe kwanza.

Mahali ambapo istilahi ya mtego wa feromoni haifai kabisa ni kwa inzi wa matunda, na hapo ndipo inapotumiwa vibaya zaidi. Bactrocera dorsalis, inzi wa asili ya Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na akaenea upesi katika Afrika, Tanzania ikiwemo. Mtego wake hutumia methili eugenoli, nao huitwa madukani mtego wa feromoni. Methili eugenoli si feromoni. Ni kemikali ya mimea, imo hata kwenye baadhi ya mirehani. Inzi dume huila na kuitumia kutengeneza harufu yake. Iitwe kivutio cha madume. Na nyigu wa inzi huyu, Fopius arisanus, ambaye icipe ilimleta kutoka Hawaii na kumwachia mashambani, hatautafuta mtego huo: yeye hufuata tunda na mayai ya inzi yaliyomo. Hutaga ndani ya yai la inzi, funza akaendelea kukua na kula tunda, na nyigu akatokea baadaye kwenye gamba la bundo badala ya inzi. Faida yake huonekana kizazi kinachofuata.

Kumhesabu huyu kunataka kazi ya mikono. Okota matunda yaliyoanguka, yaweke juu ya mchanga kwenye ndoo iliyofungwa kwa kitambaa chepesi, subiri wiki kadhaa uone wanatoka inzi wangapi na nyigu wangapi. Au tumia hema la nyigu, chombo kilichobuniwa Hawaii na kufika kwetu kupitia watafiti wa icipe: hema dogo linalojazwa matunda mabovu ya bustani, lenye wavu juu ambao matundu yake humpitisha nyigu na kumzuia inzi. Kwa uani wa Buger wenye miti michache, ambako matunda yaliyooza hutupwa tu chini ya mti, hema hilo linafaa kununuliwa na majirani kwa kuchangiana kabla ya mtego wowote.