Kompyuta katika Ufundishaji wa Mantiki: Stanford, 1963–1999

Somo la mantiki halijulikani kwa kusikiliza tu. Sharti mwanafunzi ajaribu, akosee, asahihishwe papo hapo. Na mwalimu mwenye wanafunzi mia hawezi kusimama nyuma ya kila mmoja. Ndiyo sababu mantiki ilikuwa miongoni mwa masomo ya kwanza kukabidhiwa kompyuta.

Katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwanafalsafa Patrick Suppes na mwanasaikolojia Richard Atkinson walianza utafiti wa ufundishaji kwa kompyuta mwaka 1963. Kuanzia 1972 somo zima la utangulizi wa mantiki lilifundishwa hivyo chuoni hapo. Mwanafunzi aliandika uthibitisho hatua kwa hatua, na mashine ikapima kama kila hatua imefuata kanuni. Haikudai njia moja iliyowekwa tayari: njia yoyote halali ilipokelewa.

Hata hivyo, kujua kanuni si kujua maana. Mtu aweza kupanga alama bila kosa asijue zinasema nini. Pengo hilo walikusudia kuliziba Jon Barwise na John Etchemendy, wa Stanford pia, katika miaka ya 1980, kwa programu iitwayo Tarski's World, yenye jina la mwanamantiki Alfred Tarski. Ndani yake mna ubao wenye maumbo. Tuchukue sentensi mbili: "Kila mchemraba una piramidi kushoto kwake", "Kuna piramidi iliyo kushoto kwa kila mchemraba". Mwanafunzi akishikilia kwamba ya pili ni kweli, huku sivyo, mashine humtaka aionyeshe piramidi hiyo. Akiitaja, nayo humtajia mchemraba ambao piramidi hiyo haiko kushoto kwake. Hapo hulitambua kosa lake bila kuambiwa tu kwamba amekosa.

Mwaka 1999 kilitokea kitabu chao, Language, Proof and Logic, pamoja na Grade Grinder, chombo kilichopokea majibu kwa intaneti na kurudisha masahihisho. Mwanafunzi aliye mbali na darasa akapata msahihishaji wake. Lakini mazoezi ya kujenga hoja kwa lugha ya kawaida yaliachwa yaandikwe kwenye karatasi, apewe mwalimu. Mashine ilipokea kazi ya kupima hatua. Kazi ya kusikiliza hoja ya mtu ilibaki kwa mtu.