Koo au Moyo? Hoja Dhidi ya Kutohoa "Anjina" Katika Kiswahili

Miongoni mwa wanaoshughulikia istilahi za tiba kwa Kiswahili kuna hoja iliyozoeleka kiasi kwamba haitetewi tena, nayo ni kwamba maneno ya kitabibu yenye asili ya Kigiriki na Kilatini ni mali ya dunia nzima, na kwa hiyo njia salama ni kuyatohoa, yaani kuyachukua kwa umbo lake na kuyapa matamshi ya Kiswahili. Kwa maneno mengi hoja hiyo haina ubishi, kwani insulini ni insulini Nairobi, Lubumbashi na Moscow. Makala haya yanakataa kuitumia kwa neno "anjina", kwa sababu neno hilo si mali ya dunia nzima hata kidogo: linabadilika kiungo kila linapovuka mpaka wa lugha, na Kiswahili ni lugha inayoishi pande zote mbili za mpaka huo.

Kwa tabibu aliyesomea Dar es Salaam au Nairobi, angina ni maumivu ya kifua yanayotokea misuli ya moyo inapokosa damu ya kutosha, kwa kuwa ateri zinazoilisha, yaani mishipa inayopeleka damu kwenye misuli hiyo, zimekuwa nyembamba. Kwa muuguzi aliyesomea Bukavu au Bujumbura kwa Kifaransa, "angine" ni koo lililovimba na kuuma, hasa uvimbe wa tezi za koo ambao Waswahili huuita mafindofindo, na akitaka kuutaja ule ugonjwa wa moyo hulazimika kuongeza neno na kusema angine ya kifua. Kijerumani kinafanya vivyo hivyo. Katika Kirusi, "angina" pekee ni koo, ilhali maradhi ya moyo kwa muda mrefu yaliitwa kwa jina lenye maana ya chura wa kifuani. Jambo hili haliko mbali na Afrika Mashariki, ambayo baadhi ya madaktari wake walisomea Umoja wa Kisovyeti.

Anayetaka kuelewa mkanganyiko huu hana budi kurudi kwenye neno lenyewe. Mzizi wake wa Kilatini una maana ya kukaba au kubana, na kwa karne nyingi madaktari wa Ulaya walilitumia kwa maradhi yanayomkaba mtu koo, likiwemo dondakoo, ambalo Wahispania waliliita kwa jina lililotokana na kifaa cha kunyongea. Koo, basi, ndilo lililokuwa mwenye jina, na moyo ulikuja baadaye kama mgeni. Mgeni huyo alikaribishwa tarehe 21 Julai 1768, siku ambayo daktari William Heberden alisoma mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London maelezo ya ugonjwa wa kifua ambao haukuwa na jina, maelezo yaliyochapishwa mwaka 1772. Aliwaeleza watu wanaoshikwa na maumivu wakiwa wanatembea, hasa wanapopanda mlima na muda mfupi baada ya kula, maumivu yanayotisha kana kwamba uhai utakatika yakiendelea, lakini yanayotoweka mara tu mtu anaposimama. Kwa sababu ya mahali penyewe, na kwa sababu ya ile hali ya kukabwa pamoja na hofu inayofuatana nayo, aliona kwamba jina "angina pectoris", yaani mkabo wa kifua, halitakuwa baya.

Ambalo Heberden hakulisema ni moyo. Alitaja kifua, alitaja hisia, akaishia hapo, na yaliyofuata yanaonyesha jinsi jina lilivyotangulia maarifa. Baada ya maelezo yake kuchapishwa, msomaji mmoja asiyejitaja jina alimwandikia akisema kwamba ugonjwa ulioelezwa ni wake yeye, na kwamba akifa ghafla mwili wake upasuliwe ili wengine wanufaike. Mtu huyo alikufa muda mfupi baadaye, na mwili ukapasuliwa na John Hunter, mpasuaji mashuhuri kuliko wote wa London wakati huo, lakini hakuna kilichoonekana moyoni cha kukieleza kifo hicho. Miaka kadhaa baadaye Edward Jenner, mwanafunzi wa Hunter ambaye dunia inamkumbuka kwa chanjo ya ndui, alieleza kwamba ana takriban uhakika kuwa siku ile ateri za moyo hazikuchunguzwa. Jenner mwenyewe alikuja kuzihusisha ateri hizo na ugonjwa, ila alisita kulitangaza hilo kwa kuwa mwalimu wake tayari alikuwa na dalili zake. Hunter alikufa tarehe 16 Oktoba 1793, na ateri za moyo wake zikakutwa zimekuwa ngumu kama mfupa. Ndipo mwaka 1799 Caleb Parry, rafiki wa Jenner, alipochapisha kitabu kilichouhusisha ugonjwa huu na ateri za moyo.

Kuanzia 1768 hadi 1799 ni miaka 31, na katika miaka hiyo neno lilikwisha kukaa. Anayelitohoa leo kwa Kiswahili hachukui istilahi ya kisayansi iliyokomaa, bali anachukua kumbukumbu ya hisia iliyoandikwa na mtu makini ambaye bado hakujua chanzo chake. Heberden anastahili heshima yote kwa kuona alichokiona. Lakini hakuna sababu ya kumrithisha mgonjwa wa Kigoma kile ambacho Heberden hakukijua.

Wanaotetea utohozi hujibu kwamba muktadha utaamua. Hoja hiyo ina nguvu ndani ya hospitali moja yenye lugha moja ya tiba, lakini Kiswahili hakimo katika hali hiyo. Mkoani Kigoma, kambi ya Nyarugusu imewapokea Wakongomani tangu 1996 na baadaye Warundi pia, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Mtu akivuka ziwa na cheti kilichoandikwa "angine" huko Uvira, anayekisoma upande wa pili akiwa amefundishwa kwa Kiingereza anaweza kuona ugonjwa wa moyo mahali penye tezi zilizovimba. Kinyume chake ndicho kibaya zaidi, kwa sababu mwenye ateri zilizoziba anaweza kurudishwa nyumbani na dawa ya kusukutua koo. Ni kweli kwamba tabibu mzoefu atamhoji mgonjwa kabla ya kuamini karatasi, lakini istilahi haitungwi kwa ajili ya wazoefu peke yao.

Haifai, hata hivyo, kudhani kwamba Kiswahili kitapona kwa kurejea tu maneno yake ya kila siku, na hapa wapinzani wa utohozi mara nyingi hujidanganya. "Kifua kinanibana" ni kauli ya mwenye pumu kabla ya kuwa ya mwenye ugonjwa wa moyo. "Ana kifua" humaanisha kwamba anakohoa, na kifua kikuu ni maradhi mengine kabisa. Neno moyo nalo halielekezi moyoni kila mara. Chembe cha moyo ni pale chini ya kidari, juu ya tumbo, na anayesema kwamba chembe cha moyo kinamuuma huhisiwa haraka kuwa na vidonda vya tumbo, ingawa misuli ya moyo iliyokosa damu huweza kuuma papo hapo, kama inavyoweza kuuma mkononi, tayani na hata kooni. Wapo wagonjwa wa moyo wanaoshika shingo wanapoulizwa wanaumwa wapi. Mwili wenyewe, kwa maana hiyo, hauheshimu mipaka ya kamusi.

Kuna pia imani kwamba koo likipuuzwa huishia moyoni, na imani hiyo si ya kubezwa, kwa kuwa ni kweli, ila kwa njia nyingine. Bakteria aina ya streptokokasi wa kundi A wakishambulia koo la mtoto, hasa mwenye umri wa miaka 5 hadi 15, kinga ya mwili yaweza wiki 2 au 3 baadaye kugeukia viungo vya mwili wenyewe na kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo huacha makovu kwenye vali za moyo, yaani milango inayozuia damu kurudi ilikotoka. Penisilini ikitolewa mapema huzuia hayo, na aliyekwisha kuugua hudungwa penisilini ya muda mrefu kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Hata hivyo, vali si ateri. Mama anayesikia "anjina" ikitumiwa kwa koo na kwa moyo atahitimisha, kwa mantiki isiyo na kasoro, kwamba ni ugonjwa mmoja unaosafiri, kisha ataogopa visivyo mafindofindo yaletwayo na virusi, au atadhani babu mwenye maumivu ya kifua anahitaji penisilini, wakati anachohitaji ni uchunguzi wa moyo na pengine kidonge cha nitrogliserini chini ya ulimi.

Pendekezo la makala haya ni "mbano wa moyo" kwa maradhi ya ateri, na "mafindofindo" au "uvimbe wa koo" kwa yale ya tezi, huku "anjina" ikiruhusiwa tu pale inapoandamana na jina la kiungo. "Mbano wa moyo" halikosi dosari, kwa sababu zilizokwisha kutajwa, lakini linataja kiungo kinachougua, jambo ambalo Kilatini cha 1768 hakikulifanya. Pale ambapo jina halitoshi, vipeperushi vya afya vingefaa kuongozwa na alichokiona Heberden badala ya alichokiita: maumivu ya koo huzidi mtu anapomeza, na ya moyo huzidi anapopanda kilima na ndoo kichwani, kisha hutulia akiitua na kupumzika. Maelezo ya aina hiyo yanaeleweka Uvira kama yanavyoeleweka Kigoma.