Hodhi la Giza

Mwaka 1846 Bi. Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster, alirudi London kutoka Torquay na matumbawe hai ndani ya chombo cha maji ya bahari. London haina bahari, na maji yasiyobadilishwa huvunda upesi. Hila aliyoipata ni kuyamimina kutoka chombo hiki kwenda kile mbele ya dirisha lililo wazi, ili yapate hewa. Kazi hiyo ilimwangukia mtumishi wa nyumba, aliyemimina kila siku kwa nusu saa na zaidi. Matumbawe yakaishi. Pampu ya kwanza ya akwaria, basi, ilikuwa mikono ya mwanamke ambaye ni nadra kutajwa.

Mtu wa visiwani, ambaye maji hujaa na kupwa mlangoni pake mara mbili kwa siku bila ya malipo, huenda akaiona shughuli yote hii kuwa ni upuuzi. Lakini ndani yake mna swali zito: bahari huwafanyia nini viumbe vyake, hata kukosekana kwake kwa siku chache tu kuwe ni mauti?

Robert Warington, mkemia, alitoa jibu moja mwaka 1850: mimea hutoa oksijeni, wanyama huivuta, na vikipimwa vizuri pamoja maji hayahitaji kuguswa. Jibu lilipendeza. Mei 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua Nyumba ya Samaki, ambayo wengi wa viumbe wake walikusanywa na Philip Henry Gosse, na mwaka uliofuata Gosse akatoa kitabu kilichoeneza mapenzi ya akwaria nchini kote. Ila mizani hiyo ya mimea, iliyoweza kusimama katika chombo cha mezani, ilikuwa dhaifu katika hodhi kubwa. Mwanga mwingi uligeuza maji kuwa kijani kama ya dimbwi, na samaki mmoja aliyekufa bila kuonekana aliweza kuwachukua wenzake wote.

William Alford Lloyd, aliyekuwa na duka la vyombo vya akwaria mjini London, ndiye aliyeiacha njia hiyo. Katika akwaria ya Hamburg, iliyofunguliwa mwaka 1864, na baadaye ile ya Crystal Palace ya mwaka 1871, maji yalizunguka: yalishuka kutoka mahodhi ya maonyesho hadi birika kubwa la chini, lenye giza na ubaridi, kisha yakapandishwa tena kwa pampu za mvuke mchana na usiku. Maji ya Crystal Palace yaliletwa kwa reli kutoka Brighton. Yaliyotazamwa na watu yalikuwa kiasi cha lita 90,000. Yaliyofichwa birikani yalikaribia lita 450,000. Yaani kwa kila pipa moja la kuonyesha, mapipa matano ya kuficha. Si rahisi kumshawishi mwenye fedha azike sehemu kubwa ya mali yake mahali ambapo mgeni hapaoni, na hapo ndipo ulipo ujasiri wa Lloyd.

Pampu zenyewe zilitaka uchaguzi. Maji ya chumvi hula chuma, na shaba, hata ikiyeyuka chembe ndogo tu, ni sumu kwa matumbawe, kamba na jamii zao. Lloyd akatumia mpira uliokaushwa mgumu kama pembe. Leo ni plastiki na titani, lakini sharti halikubadilika. Wala mnunuzi wa leo asihadaike na namba iliyoandikwa kwenye kasha: pampu hutoa maji pungufu kwa kila mita inayoyapandisha na kwa kila kona ya bomba, mpaka kufikia kimo ambacho haitoi hata tone.

Akwaria ya Westminster, iliyofunguliwa mwaka 1876, ilipata sifa zaidi kwa michezo ya jukwaani na kwa matatizo ya mabomba kuliko kwa samaki.

Kwa nini giza lilisafisha? Mwaka 1877, Schloesing na Müntz wa Ufaransa walionyesha kwamba uchafu unaopita mchangani hugeuzwa na viumbe hai, si na hewa peke yake; na mwaka 1890 Winogradsky akawatenga bakteria wenyewe. Ndio wanaoigeuza amonia, ambayo ni sumu ya samaki, kuwa naitraiti na kisha naitreti. Lloyd alifariki mwaka 1880, na kumbe kuta za birika lake zilikuwa makao ya wafanyakazi hao. Ndiyo maana chujio la siku hizi huwa na kazi mbili, kunasa taka na kuwapa bakteria mahali pa kukaa. Na ndiyo maana umeme ukikatika kwa muda mrefu, wao pia hufa kwa kukosa oksijeni.

Monterey, California, ambako akwaria ilifunguliwa mwaka 1984, bahari ipo ukutani. Huko David Packard alibuni mtambo wa kusukuma mawimbi, kwa sababu mwani mkubwa hausitawi katika maji yaliyotulia. Mchana maji ya ghuba huchujwa ili wageni waone vizuri. Usiku, milango ikishafungwa, huachwa yaingie bila kuchujwa, yakiwa na chakula na mabuu ya viumbe wa bahari, na baadhi yao hushika mwamba na kukulia papo hapo.